Nukta ya Nchi Tatu

Jaketi lilipowekwa kwenye mizani ya dagaa, mshale ulikwenda ukasimama kwenye kilo nane na nusu. Maji yalikuwa bado yanachuruzika chini ya meza.

"Pima tena," alisema Sajenti Dorotea.

Mpimaji akaliinua, akalirudisha. Kilo nane na nusu.

"Afande, hili ni jaketi la kumwokoa mtu au la kumzamisha?"

Wachuuzi wawili waliokuwa karibu wakacheka. Kisha wakakumbuka limevuliwa mwilini mwa nani, wakageukia mafungu yao ya dagaa wakavu.

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, hakuna aliyekuwa hajui. Jana yake, Jumanne, wavuvi walikuwa wamemleta ufukweni mwalimu Hellen akiwa maiti. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, mwalimu wa sekondari kutoka Singida, na likizo zake alipenda kuzimalizia mahali ambapo wenzake hawakanyagi. Safari hii alikuwa amelipia safari ya siku tatu kwa mtu anayeitwa Suhaib, mwenye kampuni ya boti za watalii. Suhaib aliiita Safari ya Nchi Tatu. Unalala kisiwani kwenye hema, kesho yake unapelekwa mbali kaskazini, pale ambapo Tanzania, Kenya na Uganda zinakutana majini, unapiga picha, unarudi nyumbani kuwasimulia wenzako. Huko hakuna jiwe wala bendera. Ni maji matupu, na nukta kwenye simu.

Hatari ndiyo iliyokuwa ikiuzwa. Kila mtu alijua kwamba huko wavuvi wananyang'anywa injini, na kwamba boti za doria za nchi zote tatu zinamkamata yeyote asiye na karatasi. Kwenye tangazo lake Suhaib aliandika: "Fika wasikothubutu wengine."

Boti ilikuwa na watu watatu. Hellen alikufa. Obedi, kiongozi wa safari, aliokolewa Jumapili asubuhi na boti ya mizigo, akiwa amelala juu ya boti iliyopinduka. Wa tatu, nahodha aliyeitwa Ngosha, hakuonekana.

Obedi alikuwa na maelezo mazuri. Jumamosi, giza lilipoingia, majambazi wenye bunduki walitokea upande wa pili, wakajificha katikati ya taa za wavuvi wa dagaa mpaka walipowafikia. Walimtupa Hellen majini, wakapindua boti, wakaondoka na Ngosha. "Ngosha alikuwa mtu wao," alisema. "Aliwapokea kama ndugu zake." Jumatatu Suhaib akayasema hayo hayo redioni.

Maiti ilipoletwa ikiwa na alama ya kamba kwenye kifundo cha mguu, Mrakibu Machibya, mkuu wa upelelezi, aliona mambo yamekamilika. Walimfunga, wakamtupa. Akaandaa ujumbe wa kupelekwa kwa polisi wa Kenya na Uganda: anatafutwa Ngosha wa Mwanza, ana silaha, asisogelewe bila tahadhari.

"Ukituma hivyo, afande, watampiga risasi kabla hajafungua mdomo," Dorotea alimwambia asubuhi hiyo.

"Una kitu gani mkononi cha kunizuia?"

"Jaketi, afande."

"Jaketi!" Machibya alitazama saa ya ukutani. "Saa nane mchana natuma. Ukiwa na jaketi au ukiwa na shati."

Alipokuwa akitoka, Dorotea alipita mbele ya Selina, mke wa Ngosha, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kituo tangu Jumatatu. Watu walikuwa wamemfukuza bombani wakisema mke wa jambazi asichangie maji nao. Alimtazama tu Dorotea mpaka nje ya mlango.

Sasa ilikuwa saa nne. Dorotea alilitia jaketi kwenye mfuko wa rambo, akamfuata mzee Luhaga, mvuvi wa sangara aliyempata Hellen. Alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anashona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi."

"Nimerudi kuuliza habari za kamba. Mguuni mwa marehemu."

"Kamba ni yangu."

"Yako?"

"Yangu. Nilimfunga mimi."

"Mbona jana hukusema?"

"Jana nani aliniuliza? Yule bwana mkubwa aliniambia, mzee kaa kando. Nikakaa kando." Luhaga alikata uzi kwa meno. "Sasa ulitaka nimlete vipi? Maiti haipandi kwenye mtumbwi wa kuvulia. Ukiipandisha, vijana wangu wanashuka siku hiyo hiyo, na mtumbwi ule hakuna atakayeupanda tena. Tunafunga mguuni, tunavuta nyuma, polepole, bila kelele. Hata baba yangu aliletwa hivyo hivyo."

"Alipokuwa majini, kabla hujamgusa, alikuwa na kamba yoyote?"

"Hakuwa nayo. Alikuwa na hilo jaketi tu, limemkaba shingoni. Na uso chini."

Dorotea akaandika. Kisha akauliza, "Upepo Jumamosi ulikuwaje?"

"Wa kusini. Ulianza jioni ukapiga siku mbili."

"Mtu akishika kitu kinachoelea, upepo ule ungempeleka wapi?"

Mzee aliinua mkono wenye sindano ya wavu, akaonyesha kaskazini mashariki. "Kenya. Kwenye visiwa vyao."

"Mbona Hellen hakwenda huko?"

"Yeye alilowa. Kitu kilicholowa kinabaki chini ya upepo, kinatembea na maji, taratibu." Akarudi kwenye wavu wake. "Unamtafuta Ngosha. Ngosha mimi nimemlea kwenye mtumbwi. Yule hajawahi kuamini majaketi. Anaamini dumu tupu lililofungwa vizuri."

Nyuma yake mitumbwi ya dagaa ilikuwa imepandishwa mchangani, mingine imefunikwa turubai. Hakukuwa na kijana hata mmoja anayeishughulikia. Dorotea aliitazama, akaihesabu. Kumi na saba.

"Vijana wa dagaa wako wapi?"

"Kwao. Misungwi huko, Kisesa, wanakula ugali wa mama zao. Wiki nzima hii."

Dorotea alifunga daftari.

Kivulini, nyuma ya mabanda, aliazima wembe, akapasua mshono wa jaketi. Ndani hakukuwa na lile boya jeupe, gumu, lisiloingia maji. Kulikuwa na sponji ya godoro, ya njano, imekatwa vipande na kushindiliwa. Aliibana kwa vidole, ikatoa maji kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mshono ulikuwa wa uzi wa kijani, uzi wa nyavu, umerudiwa mara mbili, na kila kona ilikuwa na kifundo kidogo cha msalaba.

Akalipeleka kwa mafundi cherehani. Wawili wa kwanza walitikisa vichwa. Wa tatu alikuwa Mastura, mama wa makamo aliyeshona maturubai na mifuko karibu na uwanja wa mpira. Alipouona mshono tu, mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

"Huu mkono wangu," alisema.

"Una hakika, mama?"

"Mtu hasahau mkono wake. Hicho kifundo alinifundisha marehemu mama." Akaangalia nje, akashusha sauti. "Nitafungwa?"

"Nieleze kwanza."

"Suhaib aliniletea maganda kumi na mawili ya majaketi. Panya walikuwa wamekula ya ndani. Akaja na godoro lake la zamani, akasema nikate nijaze. Nikamwambia, mwanangu, haya si ya kuelea? Sponji inakunywa maji. Akacheka. Akasema, mama Mastura, ni ya picha tu, wageni wanapenda rangi ya chungwa."

"Nani alikuja kuyachukua?"

"Yule kijana wake mrefu. Obedi. Alilibonyeza moja, akalinusa, akaniuliza mbona linanuka kitanda. Tulicheka wote wawili." Mastura alijifuta uso kwa mtandio. "Ya Rabi. Tulicheka."

"Ngosha je, alikuja?"

"Hakuja. Simjui huyo."

Saa saba kasoro robo Obedi aliletwa kituoni, akaketishwa mbele ya meza. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mrefu, amechunika viganja. Dorotea aliweka daftari, hakulifungua.

"Obedi, nisaidie. Majambazi walijificha wapi?"

"Nilishasema, afande. Kwenye taa za dagaa."

"Taa ngapi?"

"Nyingi. Kama mji."

"Jumamosi mwezi ulikuwaje?"

"Mwezi?"

"Mwezi wa mbinguni, Obedi. Wewe ni mtoto wa ziwa."

Obedi alitupa jicho dirishani.

"Ulikuwa mpevu," Dorotea alisema. "Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa. Hakuna anayekwenda. Nimetoka Mwaloni sasa hivi, mitumbwi yote iko juu mchangani na wenyewe wako kwao. Hizo taa kama mji uliziona wapi?"

"Labda ilikuwa moja. Nilichanganyikiwa."

"Sawa. Ilikuwa moja. Na kamba?"

"Mrakibu alisema walimfunga."

"Nakuuliza wewe uliyekuwepo. Uliona wakimfunga?"

"Kulikuwa giza."

"Kwa mwezi mpevu?"

Obedi aliangalia mlango. Dorotea aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na majaketi mawili ya rangi ya chungwa. Moja aliliacha lidondoke mezani, likatoa mlio wa nguo iliyofuliwa. La pili aliliweka juu yake taratibu.

"Hili la chini alilivaa Hellen. Lilikaa kwenye kamba ya nguo usiku kucha, na asubuhi bado lilikuwa na kilo nane na nusu. Hili la juu ulikuwa umelivaa wewe, ulipookolewa. Nimelipima pia. Halifiki kilo moja. Ndani yake ni boya la kweli."

Obedi aliusogeza mkono wake mbali na majaketi.

"Yalikuwa kumi na mawili ya godoro, Obedi. Ulikwenda kuyachukua mwenyewe kwa fundi, ukanusa, ukacheka. Ulijua. Ndani ya boti, zima lilikuwa moja tu. Ukalivaa wewe."

"Sikuwa nimepanga..."

"Nimekuuliza ulipanga?"

"Mimi sijui kuogelea, afande!"

"Na yeye alijua?"

Obedi aliinamisha kichwa mpaka kikagusa meza. Askari aliyekuwa mlangoni alitaka kusema kitu, Dorotea akamnyamazisha kwa mkono.

"Hakukuwa na majambazi," Obedi alisema, uso bado mezani. "Hatukuwa na kibali cha kuvuka. Suhaib alituambia tukiona taa ya doria tuzime injini, tuzime taa, tukae kimya mpaka ipite. Tulishafika kwenye nukta. Mwalimu alikuwa ameshika simu juu, anapiga picha, anafurahi. Ngosha akasema tugeuze, upepo umebadilika. Ndipo nikaiona taa. Nikamwambia zima."

"Ngosha alikubali?"

"Alikataa. Alisema mawimbi haya ukizima injini, boti inalala ubavu. Tukabishana. Nikaizima mimi mwenyewe."

"Ikalala ubavu."

"Ikalala. Wimbi la kwanza likatulowesha. La pili likatupindua. Nilishika mgongo wa boti. Mwalimu alishika pia, upande wa pili."

"Na ile taa ya doria?"

"Ilikuwa bado haijapita."

"Ilikuwa mbali kiasi gani?"

"Nilimsikia mtu akikohoa, afande."

"Mlipiga kelele?"

"Mwalimu alipiga. Mara moja. Nikamwambia nyamaza, watatukamata, tutafungwa nchi ya watu."

"Akafanyaje?"

"Alinyamaza. Mimi si ndiye niliyekuwa kiongozi wake?" Akaanza kulia kwa sauti. "Doria ikaenda. Halafu jaketi likawa limejaa maji, mikono ikamchoka, akateleza. Ngosha alikata kamba ya madumu, akakumbatia moja, akamfuata. Nilimsikia akimwita. Mbali, akimwita. Halafu sikumsikia tena."

"Hayo ya kwamba ni mtu wa majambazi ni maneno ya nani?"

"Ya Suhaib. Alisema aliyekufa hashtakiwi."

"Nani alimwambia Ngosha amekufa?"



Saa saba na dakika arobaini Dorotea aliweka karatasi tatu za maelezo mbele ya Mrakibu Machibya. Alizisoma akiwa amesimama. Kwenye ile ya pili alikaa. Alipomaliza, alivuta ule ujumbe wake uliokuwa tayari, akauchana katikati, kisha akapaza sauti korido nzima isikie.

"Suhaib aletwe hapa! Na funguo za hiyo stoo yake!" Akamgeukia Dorotea. "Huyu nahodha unadhani yuko wapi?"

"Kama dumu halikumponyoka, afande, yuko Kenya. Lakini akiwa na masikio amekwisha kusikia redio. Visiwani huko wanasikiliza redio zetu."

"Atakuwa anajificha."

"Ndiyo. Na sisi ndio tuliomfanya ajifiche."

Mwenyekiti wa wavuvi wa Mwaloni alikuwa na namba za wenzake wa ng'ambo. Huwa wanapigiana kila injini inapoibwa, bila kupita kwa serikali yoyote. Dorotea alimleta kituoni, akakaa naye akipiga, kisiwa hadi kisiwa. Wa kwanza hakusikia kitu. Wa pili simu yake ilikuwa imezimwa. Wa tatu aliomba apewe nusu saa. Wa nne alisema, ngoja, ongea na kituo chetu kidogo cha polisi, jana tuliwapelekea mtu.

Aliyepokea alikuwa koplo mwenye sauti ya uchovu.

"Ni kweli, tuko naye. Wavuvi walimtoa majini Jumapili, wamekaa naye kambini, alikuwa na homa kali. Jana wakaona heri watuletee sisi."

"Anaitwa nani?"

"Hapo ndipo shida iko, Sajenti. Amekataa jina. Amekataa nchi. Tumemtishia, tumempa chai, wapi! Kesho tunampeleka bara, akashtakiwe kwa kuingia bila kibali."

"Mbona hamkutuarifu?"

"Tungemwarifu nani? Mtu hana jina, hana kwao."

"Hajasema neno lolote?"

"Moja tu. Kila askari anayeingia anamwuliza kama yule mwanamke amepatikana. Hata mpishi amemwuliza."

Dorotea alisimama. "Koplo, naomba umlete karibu na simu. Akikataa kuja, sogeza simu mpaka sikioni kwake. Usikate."

Alitoka mpaka kwenye benchi, akamshika Selina mkono, akamweleza aliyokiri Obedi, akamwingiza ndani bila kusema simu ni ya nani. Alimkalisha, akaweka simu mezani, akaiweka sauti ya nje. Ilisikika minyororo ya mlango, kisha pumzi ya mtu.

"Ongea naye," Dorotea alisema.

"Nani?"

"Wewe ongea."

Selina aliiinamia simu kana kwamba inaweza kumwunguza. "Baba Gladness?"

Pumzi ilikatika.

"Baba Gladness, ni mimi. Mama Gladness. Nijibu."

"Uko wapi?" Sauti ilikuwa imekauka, kama ya mzee.

Selina alifunga mdomo kwa kiganja. Machozi yalipita katikati ya vidole vyake. Alipoweza, alisema, "Niko polisi."

"Wamekukamata?"

"Hawajanikamata."

"Wanakulazimisha uniite. Mwambie afande sikujui."

"Hakuna anayenilazimisha, mume wangu. Obedi amesema yote. Amesema ulimfuata yule dada."

"Redio ilisema mimi jambazi. Watu kambini walikuwa wananitazama wakati wanaisikiliza. Nikawaambia huyo Ngosha simjui."

"Nasikia. Basi. Imekwisha hiyo."

"Watoto?"

"Wako kwa bibi yao. Wazima."

Huko kisiwani mbwa alibweka, mtu akamfukuza.

"Na mwalimu?" Ngosha aliuliza.

Selina aliinua macho kwa Dorotea. Mrakibu Machibya, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia yake akaishika.

"Mwalimu amekufa, baba Gladness. Wamemleta jana."



"Nilimwita mpaka sauti ikakauka," Ngosha alisema. "Nilidhani ameona aibu kunijibu, kwa sababu aliambiwa anyamaze." Akavuta pumzi. Kisha sauti yake ikageuka pembeni, mbali kidogo na simu, akawa anasema na mtu aliyekuwa karibu naye.

"Koplo, chukua kalamu. Naitwa Ngosha, mtoto wa Shimba, wa Kirumba, Mwanza. Ile boti nilikuwa naiendesha mimi."